Uzoefu wangu: CV niliyolipia ilipendeza, iliyoniitia intavyuu ni ile ya bure

Naandika hii kwa wale wanaozunguka na bahasha za kaki na wale wanaotuma PDF usiku wa manane kwa sababu bando la usiku ndo nafuu. Nimepita steshenari, nimepita kwa dizaina wa WhatsApp, mwisho wa siku nimeishia Google Docs, na tofauti niliyoiona si ya kitoto. Mi nimesoma ununuzi na ugavi, nilikuwa nashika stoo kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nikawa natafuta nafasi kwenye kampuni yenye maghala ya kueleweka. Kwa hiyo mifano yangu itakuwa ya stoo stoo, we geuza iendane na fani yako.

Steshenari kwanza. Zile zilizopo karibu na vyuo, unatoa buku tano unaandikiwa CV na barua ya maombi unasubiri pale pale kwenye benchi. Yule kijana ana faili moja kwenye kompyuta, anafuta jina la aliyetangulia anaweka la kwako. Ndo maana CV za watu wengi hapa mjini zina malengo yale yale neno kwa neno, kwamba mtu anataka kufanya kazi kwenye taasisi yenye changamoto itakayomwezesha kutumia ujuzi wake na kukua, na chini kabisa anapenda kusoma, kusafiri na kuangalia mpira. Juu kuna dini, hali ya ndoa, jinsia, utaifa, mpaka ufike kwenye kazi uliyowahi kufanya nusu ukurasa umeisha. Sasa kuna utafiti wa kampuni ya Ladders ya Marekani, wa 2018, waliwapima maafisa ajira kwa kufuatilia macho yao wanavyosoma CV, wakapata wastani wa sekunde 7.4 kwa mtazamo wa kwanza. Hizo sekunde ukizimalizia kwenye dini na hali ya ndoa, aisee. Kwa kuskani vyeti, kubana PDF iwe ndogo na kuprinti nawapa tano kati ya tano. Kwa kuandika CV, mbili kati ya tano.

Afu nikaenda kwa dizaina. Alikuwa anaposti kazi zake status, elfu 35, unamtumia maelezo kwa voisi noti yeye anakutengenezea. Kiukweli ilitoka kali. Upande wa kushoto kolamu ya bluu iliyokoza, picha yangu kwenye duara, vialama vya simu na barua pepe, jina kubwa lenye maandishi ya kuchora, na vile vimstari vya kupima ujuzi, Excel nyota nne, mawasiliano nyota tano, Kiswahili asilimia 95. Mtu nimezaliwa Tanga napewa 95! Hiyo tano iliyobaki sijui alimwachia nani. Ila kila niliyemwonyesha alisifia, mpaka mama mwenye nyumba wangu.

Nikawa natuma. Kimya. Kampuni moja ilikuwa na mfumo wake wa maombi, ukipakia CV unakujazia fomu wenyewe, nikaona kwenye sehemu ya mwajiri wa sasa pameandikwa Excel. Nikaifuta nikajaza kwa mkono, lakini hiyo ilinipa wasiwasi, nikamtafuta dada mmoja aliyewahi kukaa HR kwenye kampuni ya usambazaji.

Yule dada hata hakuisoma. Aliifungua kwenye laptop, akabonyeza Ctrl na A ikachagua maandishi yote, akanakili, akabandika kwenye Notepad. "Njoo uone, mdogo wangu." Namba yangu ya simu ilikuwa katikati ya shule ya sekondari. Mwaka wa kumaliza chuo umekaa chini ya majina ya wadhamini. Jina langu lenyewe halimo, kwa sababu dizaina aliliweka kama picha. Zile nyota hazikutoka kabisa, yaani kwenye ujuzi yamebaki maneno matupu.

Alinieleza kwa kifupi hivi: makampuni makubwa yanapokea maombi kupitia programu za kuchambua waombaji, kama Workday, Taleo au Greenhouse, na programu hiyo haioni rangi wala duara, inavuta maandishi tu na kujaribu kuyapanga, hili jina, hii kazi, huu mwaka. Ukiwa na kolamu mbili au majedwali inaweza kuunganisha mstari wa kushoto na wa kulia ukawa mstari mmoja. Ukituma PDF ambayo kiuhalisia ni picha, hapo haina cha kuvuta mpaka iwe na uwezo wa kusoma maandishi kwenye picha. Ila akanionya nisiingie kwenye ule uoga wa mtandaoni kwamba roboti linatupa CV 75 kati ya kila 100, ile namba ilianzia kwa kampuni ya Marekani iliyokuwa inauza huduma za CV, sasa ulitegemea waseme nini. Mara nyingi programu inapanga na kutafuta, anayekukataa bado ni binadamu, tatizo ni kwamba binadamu akitafuta neno "logistiki" na la kwako limegeuka uji, hatokuona.

Hilo jaribio la Notepad lifanye leo na CV yako, halina gharama. Kama maandishi yanatoka kwa mpangilio unaosomeka, uko salama. Yule dizaina siku nikioa ntampa kadi za harusi, mkono wake mzuri sana, ila CV hapana. Moja na nusu kati ya tano, hiyo nusu ni ya uharaka.

Ndo nikahamia Google Docs. Nilikuwa nayo kwenye simu miaka yote hata siifungui. Templeti za CV zipo mle ndani lakini tukaanza na ukurasa mtupu, kolamu moja, Arial saizi 11, vichwa vya habari vimekolezwa, basi. Raha yake kubwa ni kwamba yule dada alikuwa anaingia kwenye faili hilo hilo akiwa kwake Mbezi anaacha maoni pembeni ya mstari, mi nikiwa kwenye daladala naona, nikifika narekebisha. Na ukiharibu unarudi kwenye toleo la jana. Kwa simu peke yake kupanga mistari kunachosha macho, tafuta kompyuta ya mtu umalizie.

Lakini maoni yake ndo yalikuwa na thamani kuliko programu yenyewe. La kwanza lilikuwa: "Hapa umeandika kazi ya cheo, hujaandika ulichofanya wewe." CV yangu ilikuwa inasema nilihusika na usimamizi wa stoo, nilihusika na kupokea mzigo, nilihusika na mawasiliano na wasambazaji. Akaanza kunihoji kama polisi. Stoo ina bidhaa za aina ngapi? Zaidi ya 400, saruji, nondo, bomba, rangi, misumari. Rekodi mlikuwa mnaweka wapi? Kwenye daftari, mi ndo nikahamishia kwenye Excel. Baada ya hapo nini kilibadilika? Kuhesabu mzigo mwisho wa mwezi kulikuwa kunachukua siku tatu, ikawa siku moja. "Sasa hiyo si ndo CV, ulikuwa umeificha wapi?" Basi ule mstari wa kuhusika ukafa, ikaandikwa kwamba nilisimamia stoo ya bidhaa zaidi ya 400, nikahamisha leja kwenda Excel na kupunguza muda wa kuhesabu mzigo toka siku tatu mpaka moja. Tuliandika kwa Kiingereza maana tangazo lilikuwa la Kiingereza.

Akasisitiza kila namba iwe ninayoweza kuitetea. Na kweli, kwenye intavyuu ndo kitu cha kwanza nilichoulizwa, ilikuwaje siku tatu zikawa moja, nikaongea mpaka nikajisahau kama niko kwenye usaili.

La pili, lugha ya fani. Mfumo wa manunuzi ya umma ulibadilika mwaka 2023, TANePS ikaondoka ikaja NeST, lakini kuna CV za watu wa ugavi bado zimejaa TANePS peke yake, mtu anayeajiri akiona hivyo anajua hujagusa fani siku nyingi. Kama umetumia zote mbili ziandike zote. Usajili wa bodi, kwetu PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, uweke juu pamoja na daraja lako, usiufiche kwenye viambatanisho. Afu unasoma tangazo, kama wao wanasema usimamizi wa maghala na wewe umeandika utunzaji stoo, na ni kitu kile kile ulichofanya, tumia maneno yao. Si uongo huo, ni kuongea lugha moja. Kubandika maneno ya tangazo ambayo hujawahi kuyafanya, hapo umejichimbia shimo mwenyewe.

Hizi akili mnemba nazo nimezitumia, kufupisha sentensi ziko vizuri, ila ukiiachia iandike yenyewe inakupa sifa za mtu mwingine, mara umeongoza timu, mara umebuni mikakati. Nilifuta karibu yote.

Sasa kuna ushauri wa video za Marekani nao tuupime. Wanasema ukurasa mmoja, usiweke wadhamini, usiweke picha. Picha na dini nimetoa sijutii. Lakini kwa serikali yetu hiyo ya kuondoa wadhamini haiendi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka maelezo binafsi yanayojitosheleza, anwani na simu inayopatikana, na wadhamini watatu, tena kwenye Ajira Portal, tovuti yao ya maombi, unajaza kila kitu kwenye visanduku vyake, elimu, uzoefu, mafunzo, kompyuta. Pale hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi kama vyeti, na barua ya maombi iwe imesainiwa. Kwa hiyo mi nina CV mbili, ndefu yenye wadhamini kwa ajili ya serikali, na fupi ya kurasa mbili kwa kampuni binafsi. Ukiomba skolashipu za Ulaya kuna Europass, mfumo wa CV wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya, bure, waliifanya upya Julai 2020, unajaza unapata PDF. Muonekano wake wa kawaida sana ila huko wameuzoea.

Faili liite kwa jina lako na cheo unachoomba, si "CV mpya mwisho kabisa 3".

Simu zilianza kuita. Si kila kampuni, nyingi bado kimya, ila kabla ya hapo hata moja haikuwahi kuita. Sasa hivi niko kwenye ghala moja Vingunguti, mkataba wa mwaka, na Google Docs naipa nne na nusu kati ya tano. Yule dada nilimpelekea kilo mbili za samaki akasema angetaka tatu.