Pedi za kufua kwa anayevunja ungo: kitambaa hakina kosa, kasoro iko kwenye hesabu

Pedi ya kufua husifiwa ikinyonya na hulaumiwa ikivuja. Kwa msichana wa miaka 11 hadi 14 ambaye ndiyo kwanza amevunja ungo, hayo huja baadaye. Pedi iliyoshonwa vizuri hunyonya zaidi ya anachohitaji. Kinachoamua kama mwezi wa tatu bado anazitumia, au zimeishia chini ya godoro zikinuka, ni saa zinazochukua kukauka na mahali pa kuzianika. Kwa hiyo tathmini hii inaanzia kwenye kamba, kisha ndiyo inarudi kwenye kitambaa.

Pakiti za wanaoanza mara nyingi huwa na pedi tatu au nne na kipochi cha kubebea. Tupige hesabu. Hedhi huchukua siku 2 hadi 7, tuchukue 5. Mchana pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na usiku moja ya kulalia, yaani nne kwa siku zile damu inapokuwa nyingi. Pakiti ya pedi nne imekwisha siku ya kwanza tu. Zikifuliwa jioni na zikakauka kufikia jioni ya kesho, zinahitajika nane: nne zinavaliwa, nne ziko kambani. Msimu wa mvua, au kwa anayeanika chumbani, pedi nene huweza kuchukua siku mbili, na hapo hesabu inapanda hadi 12. Anayenunua pakiti moja akaamini amemaliza kazi amemnunulia binti nusu ya suluhisho, na nusu inayobaki binti ataimaliza kwa kuvaa pedi mbichi au kukaa na moja kutwa nzima. Hili ndilo kosa kubwa la bidhaa hizi, na ni kosa la anayezifunga kwenye pakiti, wala si la anayezishona.

Pili, umbo. Sokoni kuna mashono matatu. La kwanza ni pedi iliyoshonwa pande zote, tabaka zote ndani. Inakaa vizuri mwilini, haijikunji, lakini katikati ndiko kunakochelewa kukauka: uso unaweza kuwa mkavu kabisa huku ndani kukiwa na unyevu. La pili lina uwazi kwa nyuma, kama foronya, na ndani kuna kitambaa cha kunyonya kinachotolewa na kufuliwa peke yake. La tatu ni la kukunja: kuna kishikio chembamba chenye mabawa (vipande vya pembeni vinavyofungwa chini ya chupi), na juu yake kinawekwa kitambaa kilichokunjwa mara tatu, ambacho kikikunjuliwa ni kama leso tu.

Kwa binti anayeanza tunachagua la pili au la tatu. Vitambaa vikitenganishwa hukauka upesi, tena kile cha kukunjua kikiwa kambani hakuna mpita njia atakayejua ni cha nini. Faida hiyo ya pili haiandikwi kwenye pakiti, ila kwa mtoto wa miaka 12 ina uzito kuliko maneno yote yaliyoandikwa. Ubaya wake ni kwamba vipande hupotea, na kitambaa kikiwa chembamba kuliko kishikio hujikusanya katikati akitembea. Upana wa kitambaa kilichokunjwa na upana wa kishikio lazima ulingane.

Sasa kitambaa chenyewe. Pedi nzuri ina kazi tatu zilizogawanywa. Juu, upande wa ngozi, kuna pamba, flana au kitambaa laini cha poliesta. Pamba haiwashi lakini hubaki na unyevunyevu. Poliesta huacha uso mkavu lakini ina joto, na wengine huwatoa vipele. Katikati kuna cha kunyonya. Mikrofiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za sintetiki, hunyonya haraka ila ikikandamizwa huachia, ndiyo maana binti anayekaa kwenye kiti kigumu saa nne anaweza kuchafuka ilhali pedi haijajaa. Kitambaa cha nyuzi za mianzi hushika vizuri zaidi lakini huchelewa kukauka. Tabaka mbili tatu za flana ya pamba ni za wastani kwa yote mawili, na kwa siku za kawaida zinatosha. Chini kabisa kuna kitambaa chenye utando mwembamba wa poliurethani unaozuia maji yasipite.

Geuza pedi uangalie mgongo wake. Mshono ukipita katikati ya utando huo, sindano imeacha mstari wa matundu, na damu itafuata uzi hadi kwenye chupi. Mishono inatakiwa ikae pembeni tu. Ukikuta maua yaliyodariziwa katikati ya mgongo, rudisha.

Vifungo vya kubonyeza vya plastiki ni bora kuliko vya chuma, ambavyo vingine hupata kutu na kuacha alama isiyotoka. Velikro iache: hukwaruza paja na hunasa nyuzi za nguo nyingine kwenye beseni. Kuna jambo dogo la kumwambia binti mapema: vifungo hulia vikifunguliwa, na katika choo cha shule chenye milango mitano mlio huo husikika. Avute polepole kwa kuingiza kucha kati ya vipande viwili.

Kipimo ndicho kinachowashinda wanunuzi wengi. Pedi ya mama haimfai binti. Chupi ya umri huu ni nyembamba pale katikati, mara nyingi sentimita 5 au 6, ilhali pedi nyingi zikifungwa mabawa hubaki na upana wa 7 au zaidi. Pedi pana kuliko chupi hujikunja kingo kuelekea ndani na kutengeneza mfereji. Chukua chupi anayoivaa kweli, pima pale katikati kwa rula, kisha tafuta pedi yenye upana huo ikiwa imefungwa, au yenye safu mbili za vifungo. Urefu wa sentimita 20 hadi 25 unatosha mchana. Usiku 28 hadi 30, kwa sababu akilala chali damu hufuata nyuma. Chupi iwe ya kubana. Pedi hizi hazina gundi, hivyo kwenye chupi iliyolegea huteleza mbele na nyuma hata ukizifunga vipi, na lawama huishia kwa pedi.

Kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, zifuliwe mara mbili au tatu na kukaushwa kila mara. Kitambaa kipya cha pamba au mianzi kinakuwa bado na mafuta ya kiwandani na ya asili, na maji huelea juu yake. Wengi husema “hainyonyi” siku ya kwanza kwa sababu hii tu. Kipimo rahisi: mwaga maji vijiko vitatu vya chai, kama mililita 15, polepole katikati. Yakizama ndani ya sekunde chache, iko tayari. Subiri dakika mbili, weka karatasi ya chooni juu na nyingine chini, kisha kandamiza kwa kiganja. Ya juu ikilowa kidogo si neno. Ya chini ikilowa, utando umetoboka. Kumbuka damu ni nzito kuliko maji na huingia taratibu, hivyo pedi inayoshindwa na maji haina la kujitetea.

Kufua ni kazi ya dakika tano kwa pedi, ikifanywa kwa mpangilio:

1. Isuuze kwa maji baridi ikiwa bado haijakauka, ukiikamua hadi maji yatoke mepesi. Maji ya moto huifanya protini ya damu igande kwenye nyuzi, na doa hilo halitoki tena.
2. Kama huna nafasi ya kufua papo hapo, iloweke kwenye ndoo yenye mfuniko, maji baridi, usiku mmoja tu. Ikipita hapo maji huoza, na harufu huhamia kwenye kitambaa.
3. Paka sabuni ya kipande, sugua kwa mkono na siyo brashi. Brashi huchana utando.
4. Suuza hadi povu liishe kabisa. Sabuni iliyobaki ndiyo chanzo cha kuwashwa kunakodhaniwa ni mzio wa pedi.
5. Kamua kwa kukandamiza, usinyonge, kisha nyoosha kwa mkono na uanike.

Dawa ya kulainisha nguo isitumike, kwa kuwa huacha tabaka la mafuta na pedi huacha kunyonya. Dawa ya madoa yenye klorini na pasi huua utando. Maji ya vuguvugu yanaruhusiwa damu ikishatoka, yasizidi nyuzi 40 au kile kilichoandikwa kwenye lebo. Doa lililobaki baada ya hapo ni rangi, si uchafu. Jua hulififisha. Kuhusu rangi, wauzaji hupenda kusifu pedi nyeusi kwamba hazionyeshi doa. Kwa anayejifunza kufua huo ni udhaifu: haoni kama imetakata, wala haoni damu ni kiasi gani. Nyekundu iliyoiva au kahawia upande wa juu ni nafuu.

Kuanika: juani, upande uliogusa ngozi ukiangalia juu, iwe wazi kabisa. Ndani ya nyumba, pale hewa inapopita. Kuifunika kwa nguo nyingine ili isionekane huongeza saa nyingi, na kuificha chini ya godoro au kabatini ikiwa mbichi huleta ukungu. Pedi yenye vidoa vyeusi vidogo visivyotoka, au yenye harufu ya uvundo hata ikiwa imefuliwa, itupwe bila kujadiliana. Hapa ndipo watu wazima wanapohitajika, kuliko hata kwenye kununua: mtoto hawezi kuzianika hadharani mpaka mama, baba au shangazi ameonyesha kambani kwamba hakuna wa kumcheka. Ni lazima ipatikane nafasi yake, hata kama ni kamba fupi nyuma ya pazia la dirisha lililo wazi.

Shuleni anahitaji vitu vitatu: pedi safi mbili, chupi moja ya akiba, na kipochi chenye vyumba viwili vya zipu, kimoja cha kitambaa kisichopitisha maji. Pedi iliyotumika hukunjwa ncha zote mbili kuelekea katikati, damu ndani, kisha mabawa hufungwa juu yake na inakuwa kifurushi kidogo. Kipochi kifunguliwe mara tu afikapo nyumbani. Kikiachwa ndani ya begi tangu Ijumaa hadi Jumatatu, kila mtu darasani atajua.

Mwili wenyewe, katika miaka hii, haufuati ratiba ya pakiti. Hedhi ya kwanza huja mara nyingi karibu na miaka 12, ingawa 9 hadi 15 bado ni kawaida, na kwa kawaida ni miaka miwili hadi mitatu baada ya matiti kuanza kuchomoza. Ute mweupe kwenye chupi huanza miezi kadhaa kabla. Huo ndio wakati mzuri wa kununua na kufanya mazoezi ya kufunga mabawa. Miaka miwili mitatu ya mwanzo mzunguko huweza kuwa siku 21 hadi 45, hivyo kalenda haitabiri sana, na pedi moja nyembamba ya akiba ikae kwenye begi siku zote. Kinachotaka daktari ni pedi kulowa chapa ndani ya saa moja au mbili mfululizo, damu kupita siku 7, mabonge makubwa, maumivu yanayomzuia kwenda shule, au kufika miaka 15 bila hedhi. Katika hali hizo kuongeza pedi hakusaidii.

Zikilinganishwa na nyingine: za kutupa zinashinda safarini, kwenye michezo na palipo na maji ya shida, kwa kuwa pedi ya kufua isiyo na maji ni mzigo tu. Chupi za hedhi hazitelezi kabisa na ni rahisi kwa usiku, lakini huchukua muda mrefu kukauka na hubanwa na umri, maana kiuno cha miaka 12 si kiuno cha 14. Kikombe cha hedhi kinaweza kutumiwa na msichana mdogo, ila kinadai autambue mwili wake vizuri na apate maji safi ya kukichemshia. Wachache huanzia hapo.

Kwa pedi ya kufua ya tabaka za flana, yenye kitambaa cha kutoa, tunatoa alama 4 kati ya 5. Ikitunzwa kwa namna iliyoelezwa hapa hudumu miaka miwili au zaidi, ingawa binti anaweza kuhitaji kipimo kikubwa kabla haijachakaa. Pakiti ya wanaoanza, kama inavyouzwa, inapata 2. Watengenezaji wapunguze maua kwenye kasha na waongeze vitambaa vinne vya ndani, kwani kishikio kikiwa hakijachafuka huhitaji kubadilishiwa kitambaa tu. Na vibanio viwili vya kuanikia. Ni nadra kuvikuta kwenye pakiti.