Uzoefu wangu: Mkutano wa kimataifa wa uzazi wa mpango kwa macho ya mtoa huduma

Nimetoa huduma za uzazi wa mpango kwa miaka kumi na minne, na kwa muda wote huo habari za mikutano ya kimataifa zilinifikia kupitia ripoti walizorudi nazo wakubwa wetu. Safari hii shirika lilipeleka watumishi wanne: mimi niliye muuguzi mkunga, mfamasia wetu, afisa takwimu na mratibu wa huduma za mkoba, yaani zile tunazowapelekea wateja nje ya kituo. Ninaandika tathmini hii kwa wenzangu wa vituoni wanaojiuliza kama siku nne za kuwa mbali na wateja zina faida yoyote. Zina faida, ila mimi sikuipata mahali nilipoitafuta.

Kuhusu maandalizi sina mengi ya kusema. Usajili ulikwenda haraka, lakini wakala aliyetutafutia malazi alituweka mbali na ukumbi kiasi kwamba siku ya kwanza tuliingia watu wakiwa wamekwisha kupiga makofi ya ufunguzi. Kwa anayepanga kusafiri, ninashauri akate tiketi inayobadilishika tarehe. Mfululizo mkubwa wa mikutano ya fani hii ulianzia Kampala mwaka 2009, ukapita Dakar na Addis Ababa, na ule wa Nusa Dua nchini Indonesia, uliopangwa kufanyika Novemba 2015, ulisogezwa hadi Januari 2016 kwa sababu ya majivu ya volkano yaliyovuruga safari za ndege.

Vikao vya pamoja vya asubuhi ni vya mawaziri na wafadhili, na mtoa huduma anayeketi pale atasikia zaidi habari za ahadi na fedha. Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Mzungumzaji mmoja alikumbusha kwamba mkutano wa kilele wa London wa Julai 2012 uliweka lengo la kuongeza watumiaji milioni 120 wa njia za kisasa katika nchi 69 maskini zaidi ifikapo mwaka 2020, na kwamba muda ulipofika walikuwa wameongezeka takribani milioni 60. Afisa takwimu wetu, ambaye kwa kawaida hufurahia hesabu, aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini: «Na walioingia halafu wakataka kutoka, dada, wanahesabiwa wapi?» Nilimwambia anyamaze tusikilize, lakini swali lake ndilo lililotuongoza siku zote zilizobaki.

Mchana wake tuliingia chumba kidogo cha mwisho wa ukumbi, chenye viti visivyozidi arobaini, ambako mada ilikuwa utoaji wa vipandikizi, vile vijiti vidogo vya kuzuia mimba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kuanzia mwaka 2013 bei ya vipandikizi kwa nchi zenye kipato kidogo ilishushwa kwa takribani nusu, na wanawake wengi mno wakawekewa katika kipindi kifupi. Wakati huo chenye kijiti kimoja kiliidhinishwa kwa miaka 3, na aina iliyoenea ya vijiti viwili kwa miaka 5, kwa hiyo kila mwaka wa uwekaji mwingi huleta miaka ya utoaji mwingi baadaye, mbali na wale wanaotaka kutolewa mapema kwa sababu ya kutokwa damu bila mpangilio au kwa sababu tu wanataka mtoto. Muuguzi aliyewasilisha mada aliuliza ni nani kati yetu aliyefundishwa kuweka, na mikono yote ikapanda. Alipouliza ni nani aliyefundishwa kutoa kijiti kilichozama kisichopapasika, ilipanda mikono mitatu, na wangu haukuwamo.

Alitugawia mikono ya plastiki ya kufanyia mazoezi, na ingawa nilidhani kutoa ni jambo ninalolijua, nilijifunza upya. Unabonyeza ncha ya kijiti iliyo upande wa kwapa mpaka ile iliyo upande wa kiwiko inyanyuke chini ya ngozi, unachanja mkato wa milimita mbili hivi papo hapo, kisha unakisukuma polepole kwa kidole badala ya kukifuata ndani kwa chombo. Mara ya kwanza nilichanja mbali na ncha nikahangaika. Mara ya tatu kilichomoza chenyewe. Jirani yangu, mkunga kutoka nchi nyingine, alifuta vidole vyake akasema: «Dada, mteja akiomba kuwekewa, tunamwekea siku hiyo hiyo. Akiomba kutolewa, tunamuuliza kwa nini. Hapo hiari iko wapi?» Sikuwa na jibu, maana nimewaambia akina mama wengi «vumilia miezi mitatu kwanza, mwili utazoea», na baadhi yao niliwarudisha nyumbani si kwa sababu ya kitaalamu, bali kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kuweka ni kwepesi kuliko kutoa.

Katika kikao hicho hicho yalirudiwa maswali ambayo watafiti huwauliza wateja ili kupima ubora wa ushauri: kama aliambiwa kuhusu njia nyingine, kama aliambiwa kuhusu maudhi, yaani athari zisizotakiwa, yanayoweza kutokea, kama aliambiwa afanye nini yakitokea, na kama aliambiwa kwamba anaweza kubadilisha njia. Hilo la nne liliongezwa baadaye, na kwa maoni yangu ndilo linalofichua mengi. Rejista yetu ina safu ya waliowekewa na ya waliotolewa, lakini haina safu ya aliyeomba kutolewa akaondoka nacho.

Kwenye maonyesho nilitumia muda mrefu zaidi katika meza ya sindano ya kujichoma mwenyewe, ile inayochomwa chini ya ngozi na kudumu miezi mitatu, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mwanamke anaweza kujidunga. Nilikwenda nikiwa na mashaka. Tulipewa kondomu iliyojazwa chumvi na kufungwa, ikiwa ndiyo ngozi ya mazoezi: unatikisa kifaa, unasukuma kifuniko mpaka uwazi wote ulio kati yake na kifaa ufungike, unabana ngozi, unachoma wima, halafu unaminya kibofu chenye dawa taratibu kwa sekunde tano hadi saba. Kosa nililolifanya ni la wanaoanza wote, yaani kutosukuma kifuniko vya kutosha, na dawa ikagoma kutoka. Mfamasia wetu aliuliza jambo ambalo mimi sikulifikiria, kwamba sindano zilizotumika zitakaa wapi nyumbani mpaka zirudi kituoni, akaonyeshwa chombo kigumu chenye mfuniko. Jibu lilimridhisha nusu tu, na mimi pia.

Kasoro zipo. Vikao vingi hufanyika kwa wakati mmoja, kwa hiyo watumishi wanne wasipogawana vyumba mapema watajikuta wote mahali pamoja, kama tulivyofanya siku ya kwanza. Watoa mada wengi hupewa dakika kumi na huja na kurasa thelathini, wakakimbia mpaka mkalimani akaomba radhi kwenye vipokea sauti. Nilichokosa zaidi ni wateja wenyewe: kwa siku nne nilisikia mengi yaliyosemwa juu ya mwanamke anayetumia njia hizi, na machache mno yaliyosemwa naye.

Mkutano huu ninaupa alama saba kati ya kumi, na tatu kati ya hizo ni za chumba kile kidogo. Anayetafuta mafunzo ya vitendo ajiandikishe mapema kwenye vikao vya pembeni, kwa sababu nafasi hujaa.

Tuliporudi, afisa takwimu alichora kwa rula safu mpya kwenye rejista, ya walioomba kutolewa na kilichotokea baada ya kuomba. Wiki ya pili alikuja mama ambaye nilikuwa nimemrudisha mwenyewe miezi kadhaa nyuma, na kijiti chake kilitoka kwa dakika chache. Wa mama aliyemfuata kijiti kilikuwa kimezama, nikampa rufaa, na jina lake bado liko kwenye safu ile bila jibu. Vipandikizi hutufikia vikiwa na vifaa vyake vya kuwekea. Vya kutolea huagizwa peke yake, na mfamasia ameagiza mara mbili.