Mashine ya MIG kwa bati la gari: uzoefu wangu gereji

Mimi ni fundi bodi Dar es Salaam, na kazi yangu kubwa ni kutu. Maji yenye chumvi yakituama ndani ya ukingo wa chini ya milango, bati linaliwa kutokea ndani. Nje rangi inang'aa, ukidokoa na bisibisi inazama. Zamani viraka vyote nilivichomelea kwa gesi. Sasa natumia mashine ndogo ya MIG ya ampea 160, yaani ya kuchomelea kwa umeme huku waya ukijisukuma wenyewe kwenye tochi, na nimeridhika nayo kabisa.

Tofauti iko kwenye joto. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 au 0.8 hivi. Moto wa gesi unasambaa, bati linatanuka, likipoa linajikunja, ndipo unaanza kulificha kwa puti. MIG inachoma pale pale ulipolenga. Nafunga waya wa milimita 0.6, nashikiza kiraka kwa nukta: moja huku, nyingine upande wa pili, nasubiri zipoe, naendelea hadi zikutane. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo bati litapinda au kutoboka, hata mashine iwe ya bei gani.

Muuzaji atakwambia mtungi wa gesi ya kukinga mchomeleo usiguswe na hewa si lazima, weka waya wenye dawa ndani. Kushika inashika. Ila waya huo moto wake ni mkali kwa bati jembamba, unatema cheche, na unaacha gamba la kusafisha kabla ya rangi. Kwa bodi nunua mtungi wa agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi, pamoja na regulata, na uziweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukibadilisha aina ya waya geuza na nyaya za mashine pia: waya wa gesi, tochi inakaa kwenye chanya, wenye dawa, kwenye hasi. Nimesikia mashine nzima ikilaumiwa kwa sababu ya hilo tu.

Ubaya wake? Klampu ya athi iliyokuja nayo ni nyepesi, moto ulikuwa unakatikakatika hadi nilipofunga nzito. Na ukiiunganisha kwa waya mrefu mwembamba wa umeme, inakosa nguvu.

Fimbo za shaba ya njano (brasi), za kuungia kwa moto wa gesi, bado ninazo. Shaba hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, chuma karibu 1,500, kwa hiyo inapenya kwenye maungio bila kuyeyusha bati. Kwa pembe za fenda za magari ya zamani inapendeza. Nguzo za magari mapya, zile zinazobeba paa, siigusishi: chuma chake ni kigumu cha makusudi, na moto wa gesi unakilegeza, abiria wakabaki bila kinga. Tena palipopita shaba MIG haishiki vizuri, inabubujika na kuacha vitundu. Gari likija na kiraka cha namna hiyo, nakata chote hadi kwenye bati safi.