Mfuko wa hewa wa milimita 800: anza na huu kabla ya kununua feni nyingine

Hewa ikipungua mbele ya njia inayochimbwa, wengi hukimbilia feni kubwa, na fedha hupotea hapo. Kwenye mgodi wa makaa ya mawe, mfuko wa plastiki ya PVC unaopeleka hewa kutoka kwenye feni, wa kipenyo cha milimita 800, ukichukua nafasi ya ule wa 600 unafanya kazi kubwa kuliko feni mpya. Ukinzani wa mfuko dhidi ya hewa hushuka kwa kipeo cha tano cha kipenyo, kwa hiyo unabaki kama robo tu. Mita za ujazo 5 kwa sekunde zilizokuwa zikipita kwa kasi ya karibu mita 18 kwa sekunde sasa zinapita kwa 10. Ukibaki na 600 ukataka hewa mara mbili, feni itadai umeme mara nane.

Angalizo moja zito: feni ileile sasa itavuta hewa nyingi zaidi. Hewa hiyo ikizidi inayopita njia kuu, yaani njia ya hewa safi ilipo feni, feni itaanza kurudisha hewa chafu ndani. Pima njia kuu kwanza.

Mfuko huu ni wa kusukuma hewa tu. Feni ikifyonza, unanywea, labda uwe na pete za waya. Dai cheti cha kutoshika moto na kutohifadhi umeme tuli. Turubai la dukani halifai hata likifanana. Zipu za viungo hujaa vumbi la makaa. Pete ya chuma na mkanda ni bora.

Siku ya kubadilisha, watu watoke, umeme wa mbele ukatwe, njia izibwe. Tundika kuanzia kwenye feni, mdomo wa kila kipande uingie ndani ya kinachofuata. Waya wa kutundikia ukilegea, mfuko unafanya tumbo na maji yanatuama humo.

Kuwasha feni tena ndiko kwenye hatari. Methani, gesi inayotoka kwenye makaa, ni nyepesi, hujikusanya darini, na hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Ipimwe juu kabisa, si kifuani. Acha kiungo cha karibu na feni wazi nusu ili gesi itoke kidogo kidogo, huku mtu akipima inapoingia njia kuu. Ikitulia, funga kiungo, kisha pitisha kiganja kilicholowa maji kwenye kila maungio: penye upepo wa baridi panavuja.