Toki Renchi Ipi Inunuliwe kwa Kazi ya Injini

Anayenunua toki renchi, yaani renchi inayopima nguvu ya kukaza boliti, kwa kawaida huuliza chapa na bei, ilhali la kwanza kujua ni boliti zipi atakazozikaza. Boliti za silinda hedi ya injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika baadhi ya Toyota Probox na IST, hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 29, kisha huzungushwa nyuzi 90 mara mbili. Renchi yenye mraba wa nusu inchi, pale soketi inapochomekwa, inayofika Nm 200 haiaminiki sana chini ya sehemu ya tano ya kipimo chake, yaani Nm 40, hata kama mpini wake umeandikwa 30.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa renchi ya mlio, ile inayolia kipimo kilichowekwa kikifikiwa, yenye mraba wa inchi 3/8 na kipimo kisichozidi Nm 100, mradi ije na cheti chenye namba ileile iliyochongwa mwilini mwake. Kiwango cha ISO 6789 huiruhusu kukosea asilimia 4 juu au chini, na cheti cha maana huonyesha matokeo ya kila kipimo kilichojaribiwa, si mhuri mtupu. Mpini huvutwa taratibu hadi ulie mara moja. Anayevuta tena ili kujiridhisha ameshazidisha. Kazi ikiisha, springi hulegezwa hadi namba ya chini kabisa, lakini si chini ya hapo, na ukaguzi hurudiwa baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, lolote litakalotangulia.

Ya pili ni ya kidijitali inayopima pia nyuzi, kazi ambayo kwa renchi ya mlio hufanywa kwa kutia alama ya rangi kwenye kichwa cha boliti. Gereji inayofungua injini kila wiki ingeiweka ya kwanza. Bei yake ndiyo iliyoishusha hapa. Ya tatu, ya mshale, ni rahisi na haina springi ya kuchoka, ila hudai jicho liwe juu ya mshale moja kwa moja, jambo gumu ndani ya boneti. Ya saa, inayoonyesha kipimo kwenye uso wa duara, ni sahihi, lakini inafaa zaidi mezani.

Renchi ya mtumba isinunuliwe kabla ya kupimwa maabara, na msomaji atazame vipimo vyake: nyingi za Marekani husoma futi-pauni, ambapo Nm 29 ni takriban 21.4.