Mita ya betri kwenye trela langu: nimeitukana nikiwa Natron, kumbe kosa lilikuwa kwenye waya

Nina katrela kadogo ka kempingi navuta na Land Cruiser nikiwa na wageni, ndani kuna friji ya kompresa lita 40, taa za LED, kapampu ka maji na inveta ya kuchajia kamera, vyote vinakula betri moja tu ya AGM (betri ya risasi iliyofungwa, haiongezwi maji) ya 100Ah, yani ampea-saa 100, na juu kuna paneli ya sola wati 120. Miaka yote nilikuwa naangalia volti kwa kile kimita cha kuchomeka tundu la sigara, na kile aisee ni cha kupigia ramli. Asubuhi jua limewaka kinasoma 13.6 unajisemea betri imejaa, kumbe unasoma nguvu ya sola tu, betri yenyewe bado ina njaa. Usiku friji ikiwaka inashuka 12.0 unashtuka, friji ikizima inapanda 12.3 unalala. Volti ili zikuambie ukweli inabidi uzime kila kitu uiache betri itulie masaa kadhaa, sasa nani atazima friji yenye nyama ya wageni huko porini?

Ndo nikaamua ninunue mita yenye shanti. Kwa asiyeijua, shanti ni kipande cha chuma unachokifunga upande wa hasi wa betri, umeme wote unaotoka na kuingia unapita hapo na kuhesabiwa, kama konda wa kifodi anayesimama mlangoni kuhesabu abiria wanaopanda na kushuka. Nilitamani Victron ya Waholanzi, ile ya bluu, nikasikia bei nikarudisha mkono mfukoni nikachukua ya Kichina ya ampea 500 isiyo na jina la maana. Skrini ya duara, waya wa kuiunganisha na shanti, na waya mwembamba mwekundu wenye fyuzi unaoenda chanya, basi.

Kufunga nikampa fundi umeme kule Unga Ltd, Arusha, kijana mchapakazi, hata soda yake haijaisha kamaliza. Kuseti nikafanya mwenyewe nyumbani: nikaandika betri ni 100Ah maana mita ilikuja imeandikwa 20, nikachaji usiku kucha mpaka chaja ikasema imejaa, alafu ndo nikaiambia mita hii ni asilimia 100. Hapo usiruke jamani, mita haioni ndani ya betri, yenyewe inahesabu tu kuanzia pale ulipoianzisha, ukiianzisha betri ikiwa nusu itakudanganya mpaka mwisho na wala siyo kosa lake.

Safari ya kwanza nayo ilikuwa Natron. Mnalijua joto la kule, friji haipumziki. Usiku wa pili gari limepaki tangu jana, skrini inasema 96% na mimi roho kwatu, mara mpishi ananiita, "Kaka, hii taa mbona inaona aibu?" Kweli taa imefifia. Narudi kwenye skrini, 96%, ila volti 11.7. Nikaanza kuitukana mita na Mchina wake na mimi mwenyewe niliyependa cha bei rahisi.

Alafu nikaegemea friji. Mlango unatetemeka mkononi, kompresa inanguruma, na skrini inasoma nusu ampea. Nusu! Ile friji ikiwaka inakula ampea 4 hivi. Hiyo nusu ni taa peke yake.

Nikabana tochi ya simu mdomoni nikafungua boksi la betri. Kwenye kichwa cha hasi kuna waya mnene wa shanti, safi kabisa, na chini yake, kwenye nati hiyohiyo, waya mbili nyeusi za zamani zimefungwa nailoni: ya friji na ya kontrola ya sola. Fundi kaziacha palepale alipozikuta. Yani abiria wakubwa wote wawili wanapita dirishani na konda kasimama mlangoni! Spana namba 10, dakika kumi, nikazihamishia upande wa pili wa shanti, kichwa cha betri kikabaki na waya mmoja tu wa kwenda kwenye shanti. Skrini ikaruka kutoka 0.5 hadi 4.6. Ile 96% ilibaki uongo mpaka nilipofika Arusha nikajaza betri na kuianzisha upya, usiku ule nikawasha gari lichaji betri, likanguruma saa nzima na wageni wakanisema asubuhi.

Sasa huu ni mwezi wa tatu naitumia na sirudi kwenye volti. Nimegundua inveta ikiachwa imewashwa bila kuchomekwa kitu inakula ampea 0.8, usiku wa masaa 12 ni karibu 10Ah, sehemu ya kumi ya betri imepotea bure, na mimi nilikuwa naiacha mara nyingi! Ikigusa 50% nawasha gari, hizi AGM ukizizoesha kushuka chini ya hapo zinakufa mapema. Kasoro zipo: mwanga wa skrini unakera usiku (nimebandika plasta), na nikikaa wiki bila kujaza kabisa asilimia zinaanza kuteleza. Ukifungiwa usimlipe fundi kwanza, washa kimojakimoja, taa, pampu, friji, namba isipocheza kuna waya unapita pembeni.

Wa kwangu nilimpigia kumlalamikia. Akacheka, "Bosi si ulisema nifunge mita? Nimefunga."