Mbele inagonga? Spea za suspenshoni Nairobi, kuanzia za kununua hadi za kukimbia

Kama uko na Fielder, Premio, Wingroad ama Probox yenye imekula kilomita laki mbili na kitu, na kila ukipita tuta mbele inafanya ko-ko-ko, usianzie Kirinyaga Road kwenye maduka ya spea. Najua akili inakimbilia huko, na najua pia fundi ashakuandikia listi: shokabsoba mbili, linki, boljointi (kiungo kinachozunguka kati ya aamu na gurudumu), bushi zote (mipira ya kwenye viungo), lowa aamu (mkono wa chuma wa chini unaoshika gurudumu) kushoto na kulia. Unaweza kununua hiyo listi yote, ulipe na leba juu, na gari irudi nyumbani ikigonga vilevile kwa sababu chenye kilikuwa kinagonga ni pedi ya breki.

Kwa hivyo kwanza ujue unanunua nini. Tafuta barabara mbaya unayoijua, ile ya kuingia mtaani kwenu yenye vishimo vidogo vidogo, zima redio, shusha dirisha, toa jeki na spana kwa buti (jeki iliyolegea imewauzia watu shokabsoba, usicheke), halafu endesha pole pole. Ikianza kugonga, gusa breki kidogo tu huku gari inaendelea. Kelele ikinyamaza, angalia pedi na pini za kalipa (kile kinachobana pedi), suspenshoni uiache kwanza.

Ko-ko-ko nyepesi, ya haraka, kwa vishimo vidogo na mwendo mdogo, mara nyingi ni linki za stabilaiza, vile vifimbo vinavyoshika chuma cha kuzuia gari kulala kwa kona. Kuhakikisha, fundi atoe linki zote mbili kabisa, upitishe gari pole pole barabara ile ile, na kona usikate kwa mbio maana gari italala kuliko ulivyozoea. Ikinyamaza umempata mwizi. Dung' moja nzito ukishika breki na ingine ukiondoka, angalia bushi ya nyuma ya lowa aamu. Kwiii kama kitanda cha chuma cha bweni ni mpira umekauka: chukua chupa ya kunyunyiza maji, mtu abonyeze mbele ya gari juu chini, wewe lowesha bushi moja moja, na ile ambayo ukiilowesha kelele inakatika ndiyo yenyewe. Ting! ya springi ukizungusha steringi gari ikiwa imesimama ni mauntingi ya juu ya shokabsoba, beringi yake imekwama. Tak-tak-tak ukikata kona steringi ikiwa imeisha na umekanyaga mafuta ni sivijointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi), na mvumo unaopanda na spidi mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Hizo mbili si za leo.

Boljointi nayo ipime vizuri. Kwa gari nyingi ndogo za Kijapani uzito wa mbele unabebwa na springi kupitia strati (shokabsoba na springi zikiwa kitu kimoja), boljointi ya chini haibebi, kwa hivyo inua gari uweke stendi, tairi ining'inie, ingiza mtaimbo kati ya aamu na kile chuma kinachoshika habu, inua kidogo. Ukiona pengo linafunguka na kufunga, ama ukisikia kak, imeisha. Wengi wanashika tairi juu na chini wanatikisa, sawa, lakini hata beringi mbovu inatikisika hivyo hivyo, ndiyo unauziwa boljointi ukiwa na shida ya beringi. Na hii usiseme utangoja mwisho wa mwezi, maana ikichomoka tairi inalala kando na gari inakaa chini hapo hapo ulipo, hata kama ni katikati ya barabara ya Outering.

Sasa twende dukani.

Namba moja kwangu ni spea mpya ya kampuni inayojulikana, hata kama haina jina la gari kwa boksi. Shokabsoba chukua KYB, ni Wajapani na wanatengenezea hata kampuni za magari zenyewe. Boljointi, linki na tairodi (fimbo ya steringi inayogeuza tairi) chukua 555, hiyo pia ni ya Japani, ama CTR ya Korea. Bei yake iko katikati na zinakaa. Shida ni moja tu, feki, kwa sababu hakuna mtu anahangaika kuiga kitu hakiuziki. Usinunue kwa kuangalia boksi, boksi linachapishwa popote. Toa kitu nje, ushike. Boljointi mpya nzuri ni ngumu kuzungusha kwa mkono, na ikizunguka inaenda laini, sawa kila upande. Ikicheza cheza kama imelegea, ama ukihisi vijiwe ndani, rudisha. Angalia ule mpira wa kufunika grisi: usiwe na nyufa, pete yake ikae imara, na grisi isiwe imevuja nje. Linganisha namba iliyopigwa kwa chuma na ile ya boksi. Halafu bei: ukizunguka maduka matatu na la nne linakupa KYB kwa nusu, hiyo bado hujaonyeshwa KYB. Lipa kwa till ya M-Pesa ya duka, si kwa namba ya simu ya yule kijana amekushika mkono hapo nje, na risiti iandikwe namba ya spea, si "shock 2pcs" peke yake.

Kabla sijasahau, beba namba ya chasisi. Fielder ni jina tu, kuna ya zamani na ya baadaye na spea haziingiliani zote. Kwa Fielder ya NZE141 (hiyo ni mwanzo wa namba ya chasisi) kwa mfano, boljointi ya chini inafungwa kwa aamu na bolti na nati, inatoka peke yake, kwa hivyo mtu akikuambia lazima ununue aamu nzima kwa sababu ya boljointi, muulize kwa nini. Gari zingine imeundwa pamoja na aamu, na hapo ni aamu nzima, hakuna njia.

Namba mbili, jenuini ya kampuni ya gari yenyewe. Kwa ubora ingekuwa namba moja, bei ndiyo inaishusha. Kwa gari ya miaka kumi na tano sioni haja ya linki jenuini, lakini bushi za lowa aamu na mauntingi ya juu ningejikaza ninunue, kwa sababu kazi ya kuzipresi na kufungua kila kitu ni ile ile, na hutaki kulipa leba mara mbili kwa mwaka. Bushi za poliyurethani pia zipo, zinadumu kweli, lakini ni ngumu, unaanza kuhisi kila kokoto kwa steringi na zikikosa grisi zinalia. Kama wewe si wa kukimbiza gari, achana nazo.

Namba tatu ni eks-Japani, yaani spea iliyotumika huko Japani, na hapa najua nitapingwa. Nairobi watu wanaziamini kuliko mpya, na nawaelewa, mtu ashauziwa feki mpya ikafa haraka anaona afadhali kitu kimetoka kwa gari Japani. Ni kweli kwa vyuma. Springi, aamu isiyopinda, stabilaiza, chukua bila wasiwasi, angalia tu kutu, maana kuna sehemu za Japani wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji na inakula chuma kutoka chini. Lakini mpira hauhesabu kilomita tu, unazeeka hata ukikaa kwa rafu. Bushi ya eks-Japani inaweza kuwa na umri sawa na yako. Boljointi iliyotumika sinunui kabisa. Shokabsoba za eks-Japani kama ndiyo mfuko unaruhusu, zichague kwa mkono: futa vumbi, fimbo iwe inang'aa bila mkwaruzo wala vitobo vya kutu, pale juu kwa sili pasiwe na mafuta mabichi. Isukume chini hadi mwisho, iende kwa uzito ule ule njia nzima, isishuke ghafla katikati. Ya gesi ukiiachilia inapanda yenyewe pole pole. Chukua mbili zilizotoka gari moja, na muuzaji akikataa uzijaribu, songa duka linalofuata, yako mengi. Jua tu kwamba watengenezaji wengine wanashauri shokabsoba zibadilishwe ama zipimwe vizuri zikifika kilomita 80,000, na hiyo ya eks-Japani hakuna mtu atakuambia imetembea ngapi.

Namba nne, mpya isiyo na jina, ile ya boksi jeupe. Linki peke yake ndiyo ningenunua hapo kama hali ni mbaya, kwa sababu ni bei ndogo, kubadilisha ni kazi fupi, na ikifa itakupigia kelele tu, tairi halichomoki. Boljointi ya boksi jeupe, hapana. Tairodi, hapana.

Mwisho kabisa ni za kutengenezwa upya jua kali: bushi iliyochongwa kwa tairi kuukuu, shokabsoba iliyotobolewa ikajazwa oili ikachomelewa, boljointi iliyochomelewa welding. Hiyo bushi inaweza kukufikisha nyumbani kutoka safari, sawa. Hizo zingine mbili, hapana: moto wa welding kwa chuma cha boljointi unaharibu ugumu wake, na shokabsoba iliyofunguliwa hivyo haipitishi tena mafuta ndani yake kwa kipimo kama ilivyotoka kiwandani.

Pesa ikiwa haitoshi yote kwa mara moja, anza na boljointi na tairodi, halafu bushi za aamu, halafu shokabsoba, linki mwisho hata kama ndizo zinakukera zaidi. Shokabsoba nunua mbili mbili za mbele. Zingine unaweza upande mmoja.

Siku ya kufunga simama hapo. Bolti za bushi za lowa aamu zikazwe mwisho wakati gari imekalia tairi zake, si ikiwa juu ya jeki na aamu imening'inia. Mafundi wengi wanakaza juu kwa juu kwa sababu ni rahisi kufikia, gari ikishuka mpira unakaa umejipinda masaa yote, na bushi nzuri ya pesa nyingi inachanika mapema halafu unalaumu duka. Mwambie mapema, kabla hajaanza, asione kama unamfundisha kazi mbele ya watu.

Ukibadilisha aamu, tairodi ama shokabsoba, pitia wili alainmenti (kunyoosha tairi) mara moja. Ukibadilisha linki peke yake haihitajiki, usilipie.